Pua ya Mzee

Jumamosi ile niliamka na mafua ya kufunga barabara. Matundu yote mawili ya pua yameziba ndi, hata chai ya asubuhi niliijua kwa rangi yake tu. Lakini shemeji yangu alikuwa amenilipia zawadi ya kutimiza miaka hamsini: ziara ya siku nzima Nairobi, kuzungushwa kwenye viwanda vidogo vya jini na bia. Tiketi haikuwa ya kurudishwa, na shemeji hana mazoea ya kunilipia kitu. Nikajifunga skafu, nikatoka.

Tulikuwa tisa kwenye matatu ya kukodi. Wa kumi ni dereva, ambaye hakuonja tone siku nzima. Tangu kipima-pombe cha Alcoblow kianze kututega barabarani mwishoni mwa 2013, dereva asiyekunywa anaheshimiwa mjini kama askofu.

Kwanza jini. Palikuwa na mtungi wa shaba unaong'aa, shingo ndefu kama ya bata maji. Kijana aliyetuongoza akaeleza kwamba humo hutiwa pombe kali isiyo na ladha pamoja na viungo, ikachemshwa, mvuke ukapanda shingoni, ukapozwa, ukarudi kuwa matone. Viungo ni vile utakavyo: mbegu za dania, maganda ya machungwa, iliki. Kimoja tu hakikosekani, vitunda vidogo vya buluu ambavyo bila hivyo jini si jini. Akavipitisha kwenye bakuli.

"Mnasikia harufu gani?"

Kiswahili hunusa kwa sikio, na bahati nzuri siku hiyo sikio ndilo lililokuwa zima. Mama mmoja wa miwani akasema anasikia kanisa siku ya Krismasi. Mwingine, msitu baada ya mvua. Bakuli likanifikia. Nikanusa, kimya. Nikanusa tena, kimya kile kile. Nikatazama dirishani kutafuta msaada, na nje palikuwa na ua.

"Nguzo za ua," nikasema.

Wakanyamaza wote. Kijana akaja kunishika mkono. Jini nyingi duniani, akasema, hutumia vitunda vya mti wa Ulaya, lakini hivi ni vya mtarakwa, ndugu yake anayeota kwenye nyanda zetu za juu. Ndio huo huo uliochongwa penseli enzi za wakoloni, na ndio huo huo wazee wetu huchimbia nguzo za ua kwa kuwa mchwa huushindwa.

"Mzee, una pua!"

Pua ninayo. Nikakivaa kilemba hicho cha ukoka na kukikaza.

Tukafika kwenye matone ya kwanza, yanayoitwa kichwa. Hayo hayanywewi, hutengwa, kwa sababu yana vitu vya sumu vinavyotangulia kuchemka kabla ya pombe yenyewe. Katikati ndio moyo, mwisho ni mkia. (Mama mpika chang'aa kijijini kwetu aliyajua yote haya. Aliyafanya gizani, sikio moja likiwa njiani kwa askari wa chifu, maana sheria ilikuwa haijalegezwa hadi 2010. Wala hakutoza kiingilio.) Gilasi ya kichwa ikapitishwa, ya kunusa tu. Kila aliyeinusa aliruka nyuma kama aliyezabwa kofi. Wanasema inanuka kama dawa ya kufuta rangi ya kucha. Mimi nikavuta hadi mapafu yakajaa.

"Mm. Maua."

Wakaangua kicheko. "Mzee ana utani wa kitaalamu," kijana akasema.

Kwenye kiwanda cha bia nilishakuwa mtu mwingine. Tulielezwa habari za shayiri ya Narok na Timau, maji ya nyuzi 65 hivi ambamo wanga hugeuka kuwa sukari, hopsi za uchungu, hamira inayoila sukari hiyo. Sikumbuki sana, nilikuwa nafanya mazoezi ya uso. Vikaja vibao, kila kimoja na gilasi zake, na hakuna aliyegusa yake. Walikuwa wananingoja mimi.

Nikachukua ya karibu. Nikaizungusha, nikafumba macho, nikapiga funda.

"Nyepesi. Safi. Kuna limau kwa mbali."

Mama wa miwani akaonja ya kwake upesi. "Kweli kabisa! Limau!" Akatoa simu, akaandika.

Binti aliyekuwa akituhudumia akainama sikioni mwangu. "Mzee, hayo ni maji ya kusuuza mdomo."

Nikayanywa yote. Kuyaacha kungekuwa kukiri.

Jioni mke wangu aliniachia githeri jikoni niiangalie, yeye akatoka kuanua nguo. Nikavuta kiti karibu na meko, nikaanza kusoma kibandiko cha kichupa cha jini nilichopewa kama mgeni wa heshima. Nilikuwa nimefika kwenye iliki aliposukuma mlango akikohoa.

"Baba Ciku! Sufuria inaungua na wewe umekaa hapo hapo! Husikii?"

Nikageuka. Moshi ulikuwa umefika darini. Nikafumba macho, nikavuta hewa taratibu.

"Nguzo za ua," nikasema.