Mbuzi Asichinjwe Bado

Mama, Mjomba, Shangazi, na nyote mnaokaa hapo barazani jioni,

Mimi mzima, ila baridi ya huku Ayalandi haina adabu. Picha ya mbuzi wa kusherehekea ushindi wangu nimeiona. Nimesikia pia kwamba ule ujumbe wangu, "Nimeshika namba tatu", umeshafika Kwale mjini, na diwani anaulizia picha yangu. Kabla kisu hakijanolewa, nisikilizeni.

Ni kweli nimeshika namba tatu. Tulikuwa watatu.

Sasa nianze mwanzo. Waayalandi wana tamasha lao la muziki wa asili liitwalo Fleadh Cheoil. Neno la kwanza husomwa "fla". Herufi zilizobaki zimekuja kutazama tu. Tamasha la kwanza lilifanyika mwaka 1951 hapa hapa Mullingar ninapoishi. Mashindano yake hupanda ngazi kama yale ya muziki ya shule zetu: kaunti, halafu jimbo, halafu taifa mwezi wa Agosti. Mimi niliingia ngazi ya kaunti, na huko ndiko nilikoishia.

Chombo chenyewe ni filimbi ya bati. Bei yake haizidi ya kuku wa kienyeji. Ina matundu sita, Mjomba, kama chivoti chako, ila hii hupulizwa nchani, si ubavuni. Ukipuliza pole inatoa sauti ya chini. Ukikaza pumzi, vidole vikiwa palepale, sauti inapanda juu. Ukikaza kupita kiasi, jirani anagonga mlango.

Na jambo jingine, lakini msiniponze kwa wenyeji: aliyeanza kuziunda kwa bati na kuziuza kwa wingi ni Mwingereza, Robert Clarke, mwaka 1843. Waayalandi wakaichukua wakaifanya yao kabisa. Ni kama chai ya maziwa. Nani atasimama mbele ya Mama amwambie chai si ya kwetu?

Mwalimu wangu ni mzee mmoja ninayemhudumia kazini. Sikio lake la kushoto halisikii, na kila nikianza mazoezi yeye hunigeuzia hilo hilo. Alinifundisha kwamba noti haipigwi hivi hivi tu: unaikata kwa kuinua kidole kufumba na kufumbua, unaigusa kwa kingine, na kabla msikilizaji hajajua kilichotokea umesharudi ulipokuwa. Bila hayo, wimbo ni wali usio na nazi. Kwa miezi minane nimepika wali huo. Siku niliyopata nazi kidogo, mzee aligeuza kichwa akanipa sikio zima. Ndipo nikajiandikisha.

Kosa langu ni kudhani filimbi ni kazi ya watu wazima. Huku watoto wengi huanzia nayo shule ya msingi, kabla ya fidla na akodiani. Nilipofika ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa miaka tisa, kumi, wanapiga kwa kasi ya cherehani huku macho yao yako kwenye simu. Mama mmoja mwenye beji akanijia kwa upole akaniuliza mwanangu ni yupi. Nikamwonyesha namba yangu. Akaitazama, akanitazama, akaniletea chai.

Kundi la waliopita miaka 18 lilipangiwa darasani. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni. Jaji alikuwa nyuma ya meza na kalamu yake. Wasikilizaji kumi na wawili, kimya kama kwenye hitma. Wimbo wa kwanza, jigi, ukapita salama. Jigi ina mwendo wa mara tatu tatu, na mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kidigo hapotei humo hata akisinzia.

Rili, wimbo wangu wa pili, ndiyo iliyonivua nguo. Wimbo wake una sehemu mbili, na kila moja hurudiwa. Nikapiga ya kwanza, nikairudia, nikatafuta ya pili. Haipo. Nikaanza tena ya kwanza, kama dereva wa matatu aliyeingia raundabauti akasahau njia ya kutokea. Mara ya nne jaji aliacha kuandika. Mara ya tano, kwa hofu na mate, filimbi ikaziba, ikawa inatoa mlio wa birika linalotaka kuchemka. Mguu wangu, lakini, uliendelea kugonga sakafu bila kosa, na hadi leo nauonea fahari.

Watu walipiga makofi. Waayalandi wana huruma. Nadhani walifurahi pia kwamba nimefika mwisho. Jaji akaniambia nina "mwendo mzuri". Nilipomfikishia mzee sifa hiyo alicheka hadi muuguzi akaja kumpima presha. Kisha akaniagiza nilete filimbi kesho, tutafute sehemu ya pili.

Nitaingia tena mwakani. Mjomba, chivoti chako usimpe mtu, nikija likizo nitakihitaji. Diwani mwambieni kamera yangu imeharibika. Mbuzi arudishwe zizini, na kama mmeshamchinja, basi nitumieni japo picha ya pilau.