Watu Wema Wananikera

Mhariri amenipigia simu, ananiomba wiki hii niandike jambo la kutia moyo. Wasomaji, anasema, wamechoshwa na manung'uniko yangu kuhusu maji ya bomba yanayotoka saa nane usiku, foleni, na nyanya zinazopanda bei kila nikiingia sokoni. Anataka habari za watu wema. Nimekubali kwa sababu kodi ya nyumba inakaribia, lakini nieleweke mapema: watu wema ninao wengi, na wote wananikera.

Chukua daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, asubuhi. Gari limeshona. Kiti nimekipata kwa kugombea, na sina mpango wa kukishiriki na mtu. Kabla sijafumba macho kujifanya nimelala, mama aliyesimama ananiwekea mtoto mapajani. Hajaniuliza jina wala dini. "Baba, nipakatie huyu." Mtoto ana andazi, andazi lina mafuta, shati langu ni jeupe. Mama anasukumwa na umati mpaka nyuma kabisa, hata kilemba chake sikioni tena, nami nimebaki na mwanawe tunatazamana. Hakuna anayeshangaa. Mzee wa pembeni yangu amepakata begi la mwanafunzi na dumu la mafuta ya kula la mtu asiyemjua, na anakoroma.

Mbele huko, kijana mmoja hana nauli. Konda anamfokea kuanzia Banana: atamshusha, atamvua viatu, atampeleka kituoni. Ghafla mama mmoja anafungua pindo la kanga. "Chukua hiyo, mwache mtoto wa watu." Konda ananyamaza. Mama sasa ndiyo anaanza. "Na wewe, limtu lizima na ndevu, unapandaje gari huna nauli? Mama yako anajua?" Kijana anashukuru, anaambiwa aende huko na shukrani zake. Nauli ilikuwa shilingi mia chache tu. Mawaidha tuliyasikiliza gari zima mpaka Tazara.

Ndivyo wema wa kwetu ulivyo, hauji bila masimango. Ule usio na masimango nao upo, na unaufahamu kutoka kwenye picha: watu wanane wenye fulana zinazofanana, wote wameshika mfuko mmoja wa unga, wametazama kamera, na bibi anayepewa huo unga anaonekana kilemba tu. Hao hawajawahi kunisumbua hata siku moja. Wana adabu, wanawahi kufika, na wanawahi zaidi kuondoka. Ukianguka chooni usiku wa manane, jaribu kuwapigia.

Atakayekuja ni jirani yangu. Huyu mama ana genge la mboga mkabala na dirisha langu, na anajua nakula nini, nani ananitembelea, na nguo zangu zipi zimechanika. Juzijuzi nilizima simu nikalala mpaka adhuhuri, haki ya kila raia. Nikaamshwa na kishindo. Kufungua mlango, naye huyo, yuko na mjumbe wa shina na kijana ameshika nondo. "Dirisha lako halijafunguliwa tangu asubuhi," akasema, kama vile nimevunja sheria. Nikawaeleza nilikuwa nimelala tu. Nakuapia niliona sura zao zikisinyaa. Mjumbe akaniuliza kama nina uhakika. Komeo langu limepinda hadi leo na hakuna aliyejitolea kulitengeneza.

Usinitajie kundi la WhatsApp la mtaa. Kukifiwa, orodha ya rambirambi inaanza saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja anainakili na kuongeza jina lake, alama ya tiki kwa aliyelipa, nafasi tupu kwa aliyeahidi. Jina lako likikaa na nafasi tupu kwa siku mbili, hata muuza chapati anakusalimia kwa huruma. Sijawahi kuona idara ya kodi yenye uwezo huo. Na hela hiyo, pamoja na kelele zake zote, inafika: turubai linafungwa, viti vya plastiki vinashushwa kwenye guta, sufuria kubwa zinatoka msikitini na kanisani bila kujali marehemu aliswali wapi, na wanawake ambao jana hawakuwa wanasemeshana wanachambua mchele kwenye ungo mmoja.

Mhariri atasema hayo ni mambo ya uchochoroni, anataka ya kitaifa. Sawa, twende Kariakoo.

Siku za kawaida Kariakoo ni mahali pa kuvutwa. Ukikanyaga Mtaa wa Kongo, kijana wa kwanza amekushika kiwiko, "bosi, viatu orijino", wa pili ana mikanda, wa tatu hauzi chochote lakini anajua anakouza mwenzake. Mimi ni katika wale wanaotaka vijana hao wapigwe marufuku kugusa watu. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne likaporomoka hapohapo, watu wakiwa ndani. Waliokuwa jirani na waliokuwa wakipita wakaanza kuchimbua kwa nyundo na kwa mikono. Chini ya kifusi simu zilikuwa bado zinapokelewa, watu wanazungumza na ndugu zao waliosimama nje. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 tuliwazika. Wale wa kwanza kushika tofali hakuna aliyewapangia zamu, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake wa kuuza siku hiyo. Mtu aliyezoea kushika viwiko vya wasiomtaka hangoji kuitwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 hawakurudi. Mvuvi mmoja kijana, Majaliwa Jackson, akawa gumzo la nchi nzima, akakabidhiwa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza apewe ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nikadhani tumebadilika kabisa, tumekuwa taifa la kushukuru. Haikuchukua muda tukarudi kwenye asili yetu: tukaanza kubishana mlango wa ndege ulifunguliwa na nani, yeye au mhudumu aliyekuwa ndani. Vijiweni watu waligombana hadi kahawa ikapoa. Waliopaza sauti zaidi ni wale ambao hata bwawa la kuogelea wanalitazama kwa mbali.

Ubishi nao, ingawa nauchukia kwa kuwa mimi hushindwa, una siku yake. Desemba 2015, katika Kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, al-Shabaab walishambulia basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakagoma. Baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike wasitambulike. Wakawaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote, la sivyo waondoke. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa abiria hao, alijeruhiwa kwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, ambayo mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Nasafiri sana kwa basi, na nawafahamu abiria wa Afrika Mashariki. Hatuwezi kukubaliana dirisha lifunguliwe au lifungwe. Hatukubaliani kama muziki umezidi, kama dereva anakimbia au anatambaa, kama choo cha njiani ni dakika tano au kumi. Basi zima likubaliane jambo moja mbele ya bunduki, bila kikao wala mwenyekiti! Tangu niijue habari hiyo, anayenibania dirisha namtazama mara mbili kabla ya kumjibu.

Kinachonikera kuliko hawa watu wote ni sisi tunaowasifu. Ajali ikitokea, tunaimba ushujaa wa wavuvi, tunawapiga picha, tunawakabidhi bahasha, kisha tunawaacha warudi majini kesho yake bila jaketi la kuokolea. Jengo likianguka tunasifu mikono ya vijana, na aliyetia saini ramani hatumtaji tena mwezi ukiisha. Tumegundua kwamba watu wetu ni wema, basi tumeona tusijisumbue kununua kamba. Mvuvi amefanya kazi ya kikosi kwa kasia, nasi tunapiga makofi kana kwamba kasia ndilo lilikuwa mpango wetu tangu awali.

Kwa hiyo wenye kupanga bajeti kandokando ya ziwa na wenye kukagua majengo mjini, nawaomba mwaka huu tuanze na maboya, kamba na ukaguzi, shujaa tutamtafuta baadaye. Msipitishe mchango kwa ajili ya hilo, fedha zake tulishakatwa kwenye kodi. Na mimi kwa sasa sina kitu: nilichokuwa nacho nimekituma kwenye msiba wa baba yake dereva mmoja wa bodaboda, dereva ambaye hadi leo hajanirudishia chenji yangu ya shilingi elfu mbili.