Mwembe wa Uani

Jumatatu. Vuli imeanza Tanga. Usiku embe limedondoka juu ya bati, mtoto kaamka analia. Asubuhi nimekuta bati limebonyea na msumari umeng'oka. Nimeupigilia upya.

Jumanne. Maji yameingia chumbani kwa mama. Gata limejaa majani ya mwembe, mvua ikakosa pa kupita, ikarudi chini ya bati mpaka darini. Katika gata mlikuwa na viluwiluwi vya mbu. Hilo limenikera kuliko dari. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipita Dar es Salaam na hapa Tanga, na mbu wake huzaliana katika maji machache kama hayo.

Jumatano. Choo kimeziba. Fundi bomba amefungua chemba akatoa mizizi myembamba iliyosukana kama nywele. Imeingilia kwenye maungio yaliyoachia. Mzizi hautoboi bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja, na ukipata upenyo hunenepa humo humo. Amebadilisha kipande kile, kisha akataka tukate na mzizi mkubwa unaopita kando ya msingi. Nimekataa. Mti uliokatwa mizizi mikubwa ya upande mmoja hukosa cha kuushikilia siku ya upepo.

Alhamisi. Popo wamekula maembe. Nimefagia makokwa.

Ijumaa. Upepo. Tawi kavu limeangukia waya wa umeme unaoingia nyumbani. Mjomba alishika ufito wa mwanzi alivute, nami nikamshika mkono. Mwanzi uliolowa hupitisha umeme. Tumewaondoa watoto uani, tukapiga simu ya dharura. Mafundi wamefika jioni.

Jumamosi. Majirani wanasema tuukate mwembe wote. Mama hataki. Babu aliupanda mbali na nyumba. Vyumba vya uani vilipoongezwa, ndipo ukuta ukaufuata. Niko upande wa mama. Bila kivuli kile, mchana wa Februari chini ya bati haukaliki. Tutatafuta mkataji anayeijua kazi yake, aondoe matawi makavu na yale yaliyolalia paa. Kila tawi alikate kwanza kidogo kwa chini, ndipo amalizie juu, lisije likachana gome la shina. Kilele asikiguse: machipukizi yanayoota pale hushika vibaya, na ndiyo yatakayotuangukia miaka ijayo.

Jumapili. Jirani aliyehamia karibuni ameleta mche wa mkungu, anataka kuupanda dirishani apate kivuli. Nimemwomba aupeleke mwisho wa kiwanja, kwa kuwa mkungu hutandaza matawi mapana na huweza kupita mita 20 kwa urefu. Amekubali, tukachimba shimo pamoja.

Nawe unayesoma, kabla ya mvua toka nje utazame kilicho juu ya paa lako. Zoa majani kwenye gata. Na tawi likilalia waya, usiliguse wala usimruhusu mtu aliguse. Piga simu, usubiri.