Chupa Isiyo na Mwenyewe

Mume wangu alipostaafu ualimu wa historia, nilimwomba Mungu amjalie mbuzi, bustani, au hata bao la kuchezea jioni pale sokoni Igunga. Akajaliwa asali. Na si kuila, maana kula asali mkoa huu wa Tabora ni jambo la kila mtu. Yeye alijaliwa kuionja, kazi ambayo ina mwenyekiti, ina vikao, na inatumia vyombo vyangu vya kabatini.

Maneno hayo aliyaleta mpwa wake, kijana baharia. Alipita kutusalimia akamsimulia mjomba wake habari za mji wa Porto kule Ureno. Wareno wana divai nzito na tamu, zabibu zake zinatoka bonde la mto Douro. Kabla haijamaliza kuchacha wanaitia pombe kali ili utamu usiishe. Mwaka ukitoka mzuri kupita kiasi, watengenezaji wanautangaza, chupa zinaandikwa mwaka huo, kisha zinalazwa gizani miaka ishirini, thelathini na zaidi. Siku ya kufungua, wajuzi wanakusanyika. Unawashwa mshumaa nyuma ya shingo ya chupa ili mmiminaji aone mashapo yasiingie kwenye jagi. Wanaionja kidogokidogo, wanabishana, wanaandika.

Mpwa aliondoka kesho yake. Mjomba hakulala.

"Mama Kulwa," aliniambia usiku wa manane, "sisi tunaiuza asali kwa ndoo. Msitu wowote, msimu wowote, mwaka wowote. Lita 20, kilo kama 28, imekwisha. Huo ni ustaarabu?"

Sikumjibu, lakini hoja alikuwa nayo. Asali ya Sikonge na Urambo hutoka kwenye miombo, na miombo nayo ina misimu yake: mavuno makubwa ni baada ya mvua, na mengine madogo huja mwishoni mwa kiangazi, miti mingine ikishachanua. Rangi hutofautiana, harufu hutofautiana. Sisi wa Igunga tuko ukingoni mwa mbuga ya Wembere, nchi ya migunga na pamba, na asali yetu ni nyepesi zaidi. Ukivuka mlima Sekenke kuingia Singida, watakuapia kwamba ya vichaka vya Itigi haina mpinzani. Bado hujagusa ile ya nyuki wadogo wasiouma: majimaji, yenye uchachu, inayouzwa ghali na kufichwa chini ya kitanda kwa ajili ya kikohozi cha wajukuu. Ukizichanganya zote kwenye ndoo moja na kuandika "asali safi ya Tabora", umezidhulumu zote.

Basi ikapangwa siku ya kuonja, Jumamosi moja ya Septemba. Wakaalikwa Bwana Nyuki mstaafu, aliyezunguka misitu ya mkoa huu maisha yake yote ya kazi. Shemeji yangu wa Sikonge, mkulima wa tumbaku. Jirani mmoja wa Singida ambaye hajawahi kukubali kushindwa. Muuguzi rafiki yangu. Na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye haonji asali bali anapenda kualikwa. Kila mmoja alitakiwa kuleta chupa moja mapema "ili zitulie". Zikatulizwa kwenye kabati langu, juu ya vitenge vya sherehe.

Ya mwenye duka haikutulia. Ilikuwa asali changa, imerinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, maji bado mengi. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira iliyomo ndani inaamka na asali inachacha. Iliamka usiku. Tukasikia mlio, watoto wakapiga kelele wakidhani ni majambazi, Baba Kulwa akatoka na panga na taulo. Tulipofungua kabati, kizibo kilikuwa kimeruka na povu linateremka taratibu kwenye kitenge nilichonunua kwa ajili ya ubarikio wa mapacha. Mume wangu alichovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Hii ilikuwa njiani kuwa divai," akasema kwa heshima.

Nilimwambia iendelee na safari yake nje ya nyumba yangu. Mwenye duka akapigiwa simu. Hakuona haya hata kidogo, akaahidi kuleta nyingine, na asubuhi ya Jumamosi akaileta kweli: mpya, ya dhahabu, inang'aa hadi unajiona.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Baba Kulwa alikuwa na siri. Ili mtu asiitambue chupa yake, asali zote zilihamishiwa kwenye chupa za kioo zinazofanana, yeye peke yake, kwa mwanga wa mshumaa. Umeme ulikuwa umekatika, lakini alidai mshumaa ungewashwa hata ungekuwepo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Ziba kututembelea, alikaa mkekani akimtazama mwanawe anavyokagua shingo za chupa.

"Kwani asali imekufa, mpaka iwashiwe mshumaa?" akauliza.

Jina la mwenye mali liliandikwa chini ya kitako cha kila chupa, herufi moja tu. Kwa chaki. Mwalimu anaweza kustaafu, chaki haistaafu. Asubuhi na ile mpya ya mwenye duka ikahamishwa, ikapewa herufi yake, ikapangwa na wenzake.

Meza iliwekwa chini ya mwembe. Kulikuwa na glasi za maji, vijiko, matobolwa na michembe ya viazi vitamu ya kutafuna kati ya asali moja na nyingine, na sahani kubwa ya ndizi mbivu ambazo Baba Kulwa, mwenyekiti wetu, alisema ni za kusafisha ulimi. Wageni wakaketi, chupa zikafunguliwa zote kwa pamoja "zipumue". Hapo ndipo Baba Kulwa aliposimama kutoa neno fupi la ufunguzi.

Alianzia mwaka 1857, Burton na Speke wanawasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Akamchukua Speke kaskazini mwaka uliofuata, akamfikisha kwenye ziwa tarehe 3 Agosti. Akarudi Kwihara mwaka 1872, Livingstone anasubiri wapagazi ambao Stanley alimwahidi kuwatuma kutoka pwani. Shemeji akaanza kutafuna michembe kimyakimya. Baba Kulwa akaelekea kwa Wanyamwezi wenyewe, wabeba pembe na nguo kati ya Bagamoyo na Ujiji, kisha Wajerumani na biashara ya nta, kisha ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora ulioanza 1962. Alipomfikia Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda na kampeni zake za mizinga, jua lilikuwa limehama na chupa zilikuwa zimepumua vya kutosha.

Wakaonja. Nikiri kwamba kulikuwa na raha ya kuwatazama watu wazima wakinusa vijiko. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, na kwa mbali ina moshi. Bwana Nyuki akasema hiyo imerinwa kwa moto wa nyasi, mrinaji alikuwa na haraka. Ya pili ilikuwa imeganda, chembechembe kama sukari, na jirani wa Singida akaitupilia mbali: "Hiyo imechakachuliwa!" Bwana Nyuki akamtuliza: kuganda ni tabia ya asali yenye glukosi nyingi, si ushahidi wa wizi. Wengine wakataka kuipima kwa njiti ya kiberiti, wengine kwa tone kwenye glasi ya maji. Akawakatalia vyote. Njiti ikikataa kuwaka imelowa tu, haijatoa hukumu. Hata sharubati nzito ya sukari inazama vizuri ndani ya maji. Mwenye neno la mwisho ni maabara.

Walipofika kwenye ile ya dhahabu, wote wakanyamaza. Waliinyanyua juani, wakaipitisha mkono hadi mkono. "Hii ndiyo," akasema muuguzi. "Mwaka wa kutangazwa huu," akasema Baba Kulwa, na mkono wake ukatetemeka kidogo.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye kijiko cha shemeji.

Mbuga mwezi Septemba ni kahawia, ua hulioni. Nyuki mmoja akipata sufuria ya asali wakati kama huo hanyamazi. Anarudi mzingani anawachezea wenzake ngoma inayowaelekeza upande na umbali, jambo ambalo Karl von Frisch alilifafanua hadi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Hotuba ilikuwa ndefu, na ngoma zilikuwa zimechezwa. Wakaja kumi, wakaja mia, hewa ikaanza kuvuma.

"Tulieni," Bwana Nyuki akasema, "hawa wamefuata chakula, hawana ugomvi."

Na hawakuwa nao, hadi mwenye duka alipomponda mmoja kwa kiatu. Nyuki anayeuma au kupondwa huachia harufu ya kuwaita wenzake vitani. Bwana Nyuki akainua pua, akaitazama sahani katikati ya meza, uso ukambadilika.

"Nani ameleta ndizi?"

Harufu ile ya vita inafanana sana na ya ndizi mbivu, na ndiyo maana mrina asali hasogelei mzinga akiwa amekula ndizi. Mwenyekiti wetu alikuwa amewaandalia nyuki tarumbeta mezani. Sikumbuki nani aliondoka kwanza, nakumbuka tu kwamba muuguzi alinipita mimi niliyekuwa mlangoni. Kulwa alimfungua mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko, akafanya la maana kuliko watu wazima wote, kwa sababu mnyama aliyefungwa kamba ndiye nyuki humuua. Bwana Nyuki peke yake hakukimbia. Aliokota kopo, akatia makaa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akafukiza mwembe mzima. Kisha akaniagiza magunia yaliyoloweshwa maji chapachapa, akazifunika chupa, akazifunga vizibo ndani kwa ndani na kuzipitisha sebuleni moja moja.

Tuliokolewa. Mwenye duka alikuwa na mdomo wa juu wa watu wawili, shemeji sikio limefumba. Muuguzi alikuwa anawakwangua miiba kwa ukucha harakaharaka, maana kila sekunde inayokaa inaendelea kusukuma sumu. Ndipo Baba Kulwa alipotangaza matokeo: chupa ya dhahabu imeshinda, sasa tumjue mshindi. Akaigeuza kitako.

Hakukuwa na kitu. Akageuza ya pili, ya tatu, zote. Magunia yalikuwa na maji, na maji na chaki hazijawahi kuelewana.

"Lakini wewe ndiye uliyezimimina," nikamwambia. Akaniangalia. Mtu anayeijua siku ambayo Speke aliliona ziwa hakukumbuka alichofanya jana usiku na asubuhi hiyo jikoni kwake.

"Nadhani hiyo ni yangu," akasema jirani wa Singida, kwa upole ambao haujawahi kuonekana. Shemeji akasema hapana, ile ni Sikonge tupu, anaijua kwa rangi. Muuguzi akaleta mashahidi. Mwenye duka, kwa mdomo ule uliovimba, akasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa lakini kidole kilikuwa kinaelekea chupani. Hata Baba Kulwa akadokeza kwamba na yeye aliweka ya kwake.

Mama mkwe akaomba kijiko. Aliionja ile ya moshi: "Hii ya Sikonge, mwanangu, muulize shemeji yako nani alichoma nyasi." Iliyoganda akasema ya Singida, na jirani akaikumbatia chupa aliyokuwa ameitukana muda si mrefu. Akaitambua ya miombo ya Urambo aliyoleta Bwana Nyuki, ya migunga yetu, na ya nyuki wadogo ya muuguzi iliyomkunja uso kwa uchachu. Hatimaye akachukua ya dhahabu. Akaonja, akasubiri, akaonja tena.

"Hii imekuja tamu, imeondoka tamu, njiani haikusalimia mtu. Haina ua, haina mti, haikwaruzi koo. Hii ni sukari iliyopikwa. Ya nani?"

Sebule ikawa kimya. Jirani akagundua kwamba yake tayari anayo mkononi. Shemeji akajiuliza imekuwaje afananishe. Mwenye duka akatazama dari, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, uvimbe ukamfaa. Bwana Nyuki akarudia kwamba maabara ndiyo yenye neno la mwisho, ila hakuna aliyejitolea kuipeleka.

Wakala kuku na ugali uliotiwa harufu ya moshi wa kinyesi, wakaagana vizuri, kila mmoja na chupa yake. Moja ilibaki. Natia kwenye chai, haina ubaya wowote isipokuwa jina.

Nawe msomaji, ukisimamishwa barabarani na chupa inayong'aa, usiinyanyue juani. Muulize muuzaji: msitu gani, msimu gani, mwaka gani? Akijua, mlipe anachotaka, kisha andika majibu yake kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Asipojua, nenda dukani ununue sukari. Ni nafuu, na ina jina lake.