Barua ya Wazi ya Kobe wa Saba

Kwa Wakuu wa Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa,
Atlanta, Marekani.

YAH: KUKOSA SAFARI KWA SABABU YA KUWA WA SABA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kobe wa majini, mwenye afya njema, gamba langu halijafika inchi 4. Familia inayonifuga inahamia kwenu. Kanuni yenu inasema kobe wa kimo changu, wasioletwa kwa biashara, wasizidi sita. Sisi tuko saba. Wenzangu wameshatobolewa boksi la safari. Mimi natafutiwa jirani mwenye huruma.

Sababu naijua: salmonela. Watoto wenu walikuwa wakitubusu na kututia mdomoni, wakaugua. Ndipo mwaka 1975 Mamlaka yenu ya Chakula na Dawa ikapiga marufuku kuuza kobe asiyefika inchi hizo nne. Kaka yangu mkubwa ana bakteria walewale, ila mdomoni haenei. Hapo sina neno. Ninachoomba kujua ni hiki: bakteria hao wanatambuaje kwamba wenzangu sita ni wageni wa familia, na mimi ni janga la taifa?

Nyoka na mijusi nao hubeba salmonela, mnatangaza wenyewe, lakini kanuni zenu za kuingiza wanyama haziwagusi. Chatu wa Burma alikaribishwa Florida kama kipenzi. Akarefuka, wafugaji wakamchoka, akaishia kinamasi cha Everglades. Serikali yenu ilipopiga marufuku kumwingiza, mwaka 2012, chatu alikuwa na wajukuu. Utafiti wa mwaka huohuo ulikuta rakuni wanaoonekana kusini mwa hifadhi ya Everglades wamepungua kwa asilimia 99. Mla mchicha ndiye anayehesabiwa mlangoni.

Sasa njoo kwenye uhondo wenyewe. Sheria ileile ya kobe ya mwaka 1975 inaruhusu wadogo wauzwe ng'ambo, mradi kifurushi kiandikwe kwa maandishi ya kuonekana: "Kwa Kupelekwa Nje Tu." Mashamba ya Louisiana yamesafirisha binamu zangu wa masikio mekundu kwa mamilioni. Huko walikofika walitupwa madimbwini, wakawabana kobe wenyeji, hadi Umoja wa Ulaya ukazuia kuwaingiza mwaka 1997. Kwa hiyo mdomo wa mtoto wa Marekani unalindwa na sheria, na mdomo wa mtoto wa watu unalindwa na lebo. Tena lebo yenyewe iko kwenye boksi, na boksi huliona karani wa forodha.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kipimo kiwe kimoja kwa kobe anayeingia na anayetoka. Pili, kama hilo ni zito, nibandikeni na mimi lebo hiyohiyo. Haitakuwa uongo: huku niliko, mimi ndiye ninayepelekwa nje.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Kobe wa Saba

Nakala: Ndugu Chatu, Everglades (kwa taarifa)