Sifa za Gugu Maji

Wenye ndimi chungu hulitukana gugu maji la Homa Bay. Mimi nalisifu, tena bila kulipwa na mtu.

Uzuri kwanza. Ua lake ni la zambarau mpauko, na petali ya juu ina jicho la manjano lililozungushiwa buluu. Urembo huo ndio uliolitoa Amazon likasafirishwa kupamba vidimbwi vya bustani duniani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 likajikuta Ziwa Victoria, bila pasi wala viza. Bua lake limevimba kama kitunguu, ila ukilipasua hutokwi na machozi: ndani ni sifongo tupu iliyojaa hewa. Ndiyo huliwezesha kuelea. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi mji unaamka na shamba jipya limefika gatini lenyewe, halina hatimiliki.

Halafu tazama utendaji wake. Serikali imehangaika miaka na miaka kuwazuia wavuvi wasivue samaki wachanga: semina, nyavu kuchomwa, kesi mahakamani. Gugu halikuitisha semina hata moja. Lilifunga ufuo wa Kendu Bay, basi, ngege wakapata likizo. Kambare na kamongo, wanaojua kupanda juu kuvuta hewa, wakanawiri chini ya majani. Na usawa je? Mwenye injini na mwenye kasia walikaa mchangani pamoja, wakitazamana.

Migori nao wana mchango wao. Kule Muhuru mawimbi hayaliachi gugu litulie, lakini mto Kuja huteremka hadi Nyatike na udongo na mbolea za mashamba, na gugu ni mgeni asiyebagua chakula.

Mwaka 1997 Kenya ililiachia fukusi, wadudu wa kwao Amerika Kusini wanaolitafuna. Kwa adabu likapungua, watu wakashangilia. Mbegu zake zilikuwa zimelala topeni. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 ziliponyesha, likarudi kusalimia. Mashine nazo zimelikatakata, ila likipata joto na mbolea ya kutosha, wiki mbili zatosha kujizidisha maradufu.

Wanasiasa ndio wanaopaswa kulijengea sanamu. Barabara ukishaitia lami, ahadi imekwisha, utafute nyingine. Ahadi ya kuling'oa gugu waweza kuitoa kila baada ya miaka 5, gatini pale pale, na ushahidi ukiwa umechanua nyuma yako.