Jinsi ya Kununua Gari la Raha na Bado Ukafika Kazini

Hatua ya kwanza ni kutunga sababu. Mtu mwenye akili zake, anayelala Kibaha na kufanya kazi Posta, hahitaji sedani ya Kijerumani yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Anahitaji kiyoyozi na magurudumu manne. Kwa hiyo kabla hujafungua picha ya gari hata moja, andaa maelezo. "Usalama wa watoto" ni sababu nzuri. "Magari haya hayachakai haraka" nayo inapita, ilimradi anayekusikiliza hana shemeji fundi. Neno moja tu usilitamke nyumbani, nalo ni raha. Ukishalisema, mazungumzo yatahamia kwenye paa la nyumba ya mama mkwe, na hapo umeshindwa.

Hatua ya pili, jifunze historia. Utaihitaji siku gari likiwa limezima pembeni ya barabara, boneti iko juu, na wapita njia wamekuzunguka. Waambie kwamba jamii hii ya magari, sedani ndogo za kifahari zenye damu ya mashindano, ilipata sura yake BMW walipotoa 3 Series mwaka 1975. Mercedes-Benz, ambao walizoea kuwauzia watu wazima magari makubwa, wakajibu mwaka 1982 kwa kutoa 190. Mei 1984, Wajerumani walipozindua mzunguko mpya wa Nürburgring, waliwapandisha madereva mashuhuri wa dunia ndani ya 190 E 2.3-16 za aina moja, wakaambiwa washindane. Kijana Mbrazili, Ayrton Senna, akawaacha wote, Niki Lauda na Alain Prost wakiwemo. Ni hadithi tamu. Ukiimaliza, waombe wasikilizaji wakusaidie kulisukuma gari litoke njiani.

Sasa chagua dhehebu, na hapa usifanye haraka.

Ukiingia BMW, hasa 3 Series iliyotoka mwaka 2005, ambayo mafundi huiita E90, utapata usukani unaokujibu. Uzito umegawanywa karibu sawasawa mbele na nyuma, yanayosukuma ni magurudumu ya nyuma, na hata ukizunguka kipilefti polepole utahisi kuna mhandisi aliyekufikiria. Mhandisi huyo, hata hivyo, hakuwahi kufika kwa mafundi wa Gerezani. Aliweka tairi zinazoweza kutembea bila upepo, kisha kwa furaha akaondoa tairi la akiba. Kwenye injini ya silinda sita ya N52 aliweka pampu ya maji ya umeme, ambayo haivuji kwanza ili kukuonya. Inakufa tu, kimya, na mshale wa joto haupo kwenye dashibodi ukakwambia chochote mapema. Bloku aliitengeneza kwa magnesiamu na alumini ili iwe nyepesi, na boliti zake za alumini ni za kufungwa mara moja: ukizifungua, unazitupa na kununua nyingine. Mtafute fundi wa mtaani atakayetupa boliti nzima. Atazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na zile tatu ambazo kila akifunga injini hubaki.

Usidhani ukinunua toleo jipya zaidi umeokoka. Injini ya N20, ya silinda nne na tabo, iliyoingia kwenye 3 Series iliyofuata, ina miongozo ya plastiki inayoshika taiming cheni. Kwenye nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo plastiki hiyo ilikuwa ikikatika na kudondokea kwenye sampu ya oili. Majirani zetu Wakenya wanaifahamu vizuri, kwa sababu sheria yao haipokei gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hiyo wao hupata matatizo yakiwa bado mapya. Kwetu Tanzania mzee anaruhusiwa kuingia, ila anatozwa ushuru zaidi kwa ajili ya umri wake.

Mercedes C-Class ya W204, iliyoanza mwaka 2007, ni ya mtu anayetaka raha lakini hataki kuonekana anaitafuta. Inatulia barabarani, mlango wake unafunga kwa heshima, na wazee watakupisha kwenye maegesho ya kanisani. Ukikutana na C180 au C200 yenye injini ya M271, sikiliza dakika ya kwanza baada ya kuwashwa asubuhi: cheni iliyolegea hugonga kama mtu aliyesahau ufunguo ndani. Na ufunguo wenyewe una mambo yake. Ndani ya usukani kuna kifaa cha umeme kinachoufungia, na kikichoka, siku moja utachomeka ufunguo na gari zima litakunyamazia, hakuna taa wala mlio. Halijaharibika, limekataa tu kukutambua.

Audi A4 ya 2.0 TFSI ya miaka ya 2009 hadi 2011 inakunywa oili. Tuendelee.

Upande wa pili wa mto wapo Wajapani. Mwaka 1998 Toyota walitoa Altezza, sedani ndogo yenye magurudumu ya nyuma yanayosukuma na dashibodi iliyochorwa kama saa ya mkononi ya rubani. Nje ya Japani iliitwa Lexus IS. Ilipofika mwaka 2005 Toyota wakaanza kuuza Lexus nyumbani kwao pia, jina la Altezza likastaafu, na IS 250 ikazaliwa na injini ya V6 ya lita 2.5 iitwayo 4GR-FSE. Kariri herufi hizo. Nenda nazo kwa jirani mwenye Mark X ya lita 2.5, mwombe afungue boneti, usome. Ni injini ileile. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma vilevile. Anayenunua Lexus analipia ngozi, ukimya na ile herufi L mbele ya gari, na anayenunua Mark X anapata moyo uleule bila cheo. Usimwambie mwenye Lexus. Ameshalipa.

Wala usishawishike kwamba Mjapani hana dhambi. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, na masizi hujikusanya hapo mpaka gari likianza kutetemeka kwenye taa nyekundu. Tofauti ni kwamba litatetemeka huku linakupeleka kazini.

Watu hukosea hapa, wakabishana usiku kucha kuhusu gari gani ni imara. Wanaongea kama uimara umo ndani ya chuma. Sehemu kubwa umo ndani ya mji. BMW ikiugua Munich, spea ipo ng'ambo ya barabara na fundi aliyesomea gari hilo anakunywa kahawa akikusubiri. BMW hiyohiyo ikiugua Songea kwa ajili ya sensa ya ukubwa wa kidole gumba, unalala nyumba ya wageni, kifurushi kinapanda basi kutoka Dar, na kikifika unagundua ni sensa ya toleo jingine. Mark X ikiugua Songea, kijana anakuja na spana mbili na tochi ya simu. Si kwamba Toyota hawaharibiki. Wanaharibikia kati ya ndugu.

Fikiria pia wasifu wa gari lenyewe. Huko Japani limeishi maisha ya mtawa: oili kwa wakati, barabara laini, na ukaguzi wa serikali likitimiza miaka 3 kisha kila baada ya 2. Halafu likashuka bandarini. Wiki ya kwanza mtu akaongeza maji ya bomba mahali pa kulanti. Mwezi wa pili fundi akang'oa themostati akiitupa kama kitu cha ushirikina, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, huku joto tunalo." Injini ya Kijerumani, ambayo kompyuta yake huiamuru hiyo themostati ifunguke lini na kwa joto gani, ikawasha taa ya njano. Fundi akaifunika taa kwa selotepu nyeusi. Baada ya hapo mwenye gari akaenda barazani kuwaeleza watu kwamba Wajerumani siku hizi hawatengenezi kitu.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika gusa boneti kabla ya kumsalimia vizuri. Likiwa la moto, mtu ana jambo analolificha kwenye uwashaji wa baridi. Washa swichi bila kuwasha injini uhesabu taa za dashibodi: taa ya injini lazima iwake kwanza, ndipo izime injini ikianza kuunguruma. Isiyowaka kabisa haimaanishi afya, imeng'olewa. Omba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoonyesha kilomita na daraja. Ukikuta herufi R pale palipostahili namba, gari limewahi kugongwa na kurekebishwa. Dalali atakwambia R ni kifupi cha "raha". Mcheke kidogo, ni kazi yake.

Na raha utaipatia wapi? Swali hili huulizwa na wenzi wa ndoa, na ni gumu. Toka Kibaha mpaka Posta una foleni. Ukipita foleni una matuta, na sedani iliyoinamishwa kiwandani ili ishike kona itayasalimia kwa tumbo. Matuta yakiisha kuna kibao cha 50, na baada ya kibao, nyuma ya mwembe, kuna askari mwenye tochi. Kati ya mwembe na kibao kinachofuata ndipo nguvu zako zote za farasi zinapoishi.

Hata hivyo zipo njia. Kipande cha Mombo kupanda Lushoto kina kona zinazofuatana hadi abiria wa nyuma anyamaze, na pale utaelewa kwamba mwendo si lazima kwa raha. Gari zuri linajulikana kwenye 45, kwa jinsi pua yake inavyoingia konani na jinsi makalio yake yanavyoifuata bila ubishi. BMW inafanya hivyo vizuri kuliko nyingine zote nilizozitaja, na anayekataa hajapanda. Lexus inapiga kona kwa adabu, inafika, na inakusubiri uishukuru. Mercedes inakuuliza kama una uhakika. Kwenye Kitonga usijaribu lolote kati ya haya: umebanwa katikati ya malori, na lori halijui wewe ni nani.

Ushauri wangu wa kweli, ambao hakuna aliyewahi kuufuata, ni huu. Chukua ile Mark X, au IS 250 kama mama mkwe anajali herufi. Pesa utakayobakiza, iweke miguuni: shokapu mpya nne, bushi zote, boljointi, tairi nzuri zinazofanana pande zote badala ya za makabila manne. Magari mengi yanayosemwa kuwa hayana raha yana bushi zilizokufa tu. Ukimaliza utakuwa na gari linaloshika barabara karibu na la Mjerumani, na kesho yake litawaka. Lakini najua umeshaingia kwenye picha za E90 nyeupe yenye viti vyekundu, kwa hiyo tushughulike na hilo.

Usinunue kwa pesa yote uliyonayo. Tenga fungu kabla ya kulipa, maana bei ya mtumba imeshuka ila bei ya spea haijui kuwa gari limezeeka. Oili ya gia boksi, hata kama kitabu kinasema ni ya kudumu maisha yote, ibadilishe. Walikusudia maisha ya gari, wala hawakusema ni marefu kiasi gani, na kama gia boksi yenyewe ni ya ZF, watengenezaji wake wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Pampu ya maji badilisha kabla haijaomba. Tafuta fundi mmoja mwenye mashine ya kuchomeka ambaye anaisoma kabla ya kuanza kufungua, umpe salamu za sikukuu, ujue watoto wake wanasoma wapi. Fundi wa namna hiyo akikagua gari lako na kusema, "Bosi, hili lina akili nyingi," usifurahi. Anapanga bei.

Hatua ya mwisho ni kuuza, na uifanye mapema, wakati gari bado linatembea lenyewe hadi kwenye picha. Lioshe, lipige picha jioni upande usiogusana na nguzo ya geti, na andika hivi: BMW 320i, namba E, AC baridi sana, injini haijaguswa, gari ya dada mmoja wa ofisini, haidaiwi chochote. Sababu ya kuuza, mmiliki anasafiri. Taa ya njano ni ya kukumbusha sevisi tu. Maongezi yapo.